Waislamu wa Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeishi London au Leicester akirudi Mombasa au Unguja kwa likizo hakosi kuulizwa: huko mnasali wapi, nyama mnakula ipi, watoto wanakua Waislamu kweli? Walioko Uingereza nao wana maswali yao, hasa ya ndoa na ya maziko. Tumeyakusanya hapa yale yanayorudi tena na tena. Tunaposema "Uingereza" tunakusudia dola nzima. Pale sheria inapohusu England na Wales peke yake, tumelitaja hilo, kwa kuwa Scotland ina sheria zake.

## Watu na historia

1. Waislamu wa Uingereza ni wangapi?

Sensa ya 2021 ilipata watu milioni 3.9 England na Wales waliojiandikisha kuwa ni Waislamu, yaani asilimia 6.5 ya wakazi wote. Swali la dini lilipoingizwa katika sensa mwaka 2001 walikuwa milioni 1.5, na mwaka 2011 wakafika milioni 2.7. Si lazima kulijibu swali hilo, kwa hiyo idadi halisi huenda ni kubwa kidogo. Scotland, iliyofanya sensa yake 2022, ina Waislamu karibu 120,000.

London peke yake asilimia 15 ya wakazi ni Waislamu, na katika wilaya ya Tower Hamlets wanakaribia watu wanne katika kila kumi. Miji mingine yenye Waislamu wengi ni Birmingham, Bradford, Blackburn, Luton, Leicester na Manchester. Ni umma wa vijana: nusu yao hawajapita miaka 27, na karibu nusu wamezaliwa humo humo Uingereza. Ukimwambia kijana wa Bradford "rudi kwenu", kwao ni Bradford.

2. Si walikuja juzi tu, baada ya Vita Kuu ya Pili?

Wengi wa babu zao ndiyo, lakini Uislamu Uingereza ni wa kale kuliko hivyo. Mwaka 1600 balozi wa Sultani Ahmad al-Mansur wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikaa London miezi kadhaa akizungumza na Malkia Elizabeth wa Kwanza juu ya mapatano dhidi ya Hispania.

Balozi huyo alikuja akarudi. Waliobaki wa mwanzo walikuwa mabaharia. Meli za mvuke zilihitaji wachochezi wa makaa, kazi ya jotoni chini kabisa ya meli, na makampuni yakawachukua watu wa Yemen kutoka Aden, Wasomali, na watu wa Sylhet kutoka Bengal. Meli ikifika bandarini mkataba ulikwisha, naye baharia akakaa nyumba ya kupanga ya mwenzake akingoja safari nyingine. Ndivyo mitaa ya Waislamu ilivyoanza Cardiff, South Shields na Liverpool. Wengi walioa wanawake wa hapo. Cardiff, katika mtaa wa Butetown, kulikuwa na msikiti uliobomolewa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941. South Shields ndiko Muhammad Ali, bondia, alikokwenda mwaka 1977 ndoa yake ikaombewa dua msikitini.

Maisha yao hayakuwa mepesi. Mwaka 1919 kulizuka ghasia za ubaguzi katika miji kadhaa ya bandari. Na Cardiff mwaka 1952 baharia Msomali, Mahmood Mattan, alinyongwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Mkewe na wanawe walipigania jina lake kwa zaidi ya miaka 40, hadi mahakama ya rufaa ilipoifuta hukumu hiyo mwaka 1998. Kisa hiki wazee wa Cardiff hawajakisahau, na haifai kusahaulika.

3. Msikiti wa kwanza ni upi, wa Liverpool au wa Woking?

Watu hubishana kwa sababu yote miwili ni ya mwaka 1889. Wa Woking, kusini-magharibi ya London, ndio wa kwanza kujengwa tangu msingi uwe msikiti. Aliyeujenga hakuwa Mwislamu: ni Gottlieb Wilhelm Leitner, msomi wa lugha, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka kwa Shah Jahan Begum, mwanamke aliyetawala Bhopal huko India. Una kuba la kijani kibichi na bado unasaliwa.

Wa Liverpool ulikuwa ndani ya nyumba ya kawaida mtaa wa Brougham Terrace. Mwanzilishi wake ni wakili Mwingereza, William Henry Quilliam, aliyesilimu mwaka 1887 baada ya safari ya Morocco akajiita Abdullah. Alianzisha shule, nyumba ya mayatima na gazeti la kila wiki, na Sultani Abdul Hamid wa Pili wa Uturuki akamtambua kuwa Sheikh-ul-Islam wa visiwa vya Uingereza. Majirani walikuwa wakimtupia mawe muadhini. Quilliam aliondoka mwaka 1908, jumuiya ikatawanyika, na jengo likageuzwa ofisi za serikali, kabla ya kurudi mikononi mwa Waislamu miaka mingi baadaye.

Watu wakisema Uislamu ni dini ya wageni Uingereza, Quilliam ni jawabu la kutosha. Na hayuko peke yake: Lady Evelyn Cobbold, mwanamke wa ukoo wa kitajiri aliyejiita Zainab, alihiji mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 65.

4. Kwa nini wengi wana asili ya Pakistan na Bangladesh?

Kwa sababu ya kazi na sheria. Sheria ya uraia ya 1948 iliwaruhusu raia wa makoloni na wa Jumuiya ya Madola kuingia na kuishi Uingereza, na viwanda vya nguo vya Bradford na Lancashire vilitaka watu wa zamu za usiku. Kisha miaka ya 1960 Bwawa la Mangla lilipojengwa Pakistan, maelfu kwa maelfu ya watu wa Mirpur walihamishwa mashamba yao yakafunikwa na maji, na wengi wakawafuata ndugu zao Uingereza. Watu wa Sylhet walifuata njia iliyofunguliwa na mabaharia (swali la 2), wakakaa mashariki ya London.

Mwaka 1962 serikali ilianza kufunga mlango. Wanaume waliokuwa wamezoea kuja na kwenda wakahofia kufungiwa nje, basi wakawaleta wake na watoto. Sheria iliyokusudiwa kupunguza wahamiaji ndiyo iliyowafanya wakae moja kwa moja.

5. Na waliotoka kwetu, Afrika Mashariki?

Wapo, na kwa makundi zaidi ya moja, kila moja na huzuni yake.

Kundi la kwanza ni Waasia wa Kenya, Uganda na Tanzania. Baada ya uhuru wengi wao walibaki na pasipoti za Uingereza. Kenya ilipobana leseni na vibali vya kazi miaka ya 1967 na 1968, walikimbilia ndege, na Bunge la London likapitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia watu waliokuwa na pasipoti yake lenyewe. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na zaidi ya 27,000 wakaishia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda ikiwaomba wasije. Walikuja. Leo zaidi ya mtu mmoja katika kila watano Leicester ni Mwislamu, na ukipita kwenye maduka utawasikia wazee wakichanganya Kigujarati na Kiswahili bila kujijua. Si wote walikuwa Waislamu, Wahindu walikuwa wengi pia. Lakini Makhoja Ithnaasheri, Mabohora na Maismailia walikuja na jamatini zao. Shirikisho la dunia la Makhoja Ithnaasheri lilianzishwa 1976, makao yake yako Stanmore, na kiongozi wake wa kwanza alikuwa Mulla Asghar, mzaliwa wa Mombasa.

Kundi la pili ni Wazanzibari walioondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Sultani Jamshid bin Abdullah mwenyewe aliishi Portsmouth zaidi ya miaka 50, hadi aliporuhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020, akafia huko Desemba 2024. Kijana mwingine wa Unguja aliyefika Uingereza miaka ile ya 1960 ni Abdulrazak Gurnah, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021.

La tatu ni Wabarawa, ambao Chimiini chao ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Vita vya Somalia vilipolipuka 1991 walikimbia Barawa, wengi wakapitia kambi za Mombasa, na baadhi wakafika kaskazini mwa London. Juni 2013 kituo chao cha Muswell Hill kiliteketezwa kwa moto, na maandishi ya chuki yakaachwa ukutani. Ramadhani ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Wayahudi wa sinagogi ya Finchley Reform wakawafungulia milango, na tarawehe ikasaliwa humo. Anayetaka kuelewa Waislamu wa Uingereza asikumbuke moto peke yake akaisahau tarawehe ile.

6. Kwa hiyo wote ni kitu kimoja?

Hapana. Kuna Sunni na Shia, Wadeobandi na Wabarelwi (mikondo miwili ya Kisunni ya Bara Hindi), Masufi, Masalafi, Waibadhi wachache wa asili ya Oman na Zanzibar. Kuna Waturuki, Wanigeria, Wairaki, Wabosnia, na Waingereza waliosilimu. Baraza la Waislamu wa Uingereza lilianzishwa 1997 liwe mwavuli, lakini hakuna mtu wala chombo kinachowasemea wote. Gazeti likiandika "Waislamu wanataka", uliza ni akina nani.

## Ibada ya kila siku

7. Kweli makanisa yanageuzwa misikiti?

Baadhi, ndiyo, kwa kununuliwa yakiwa yameachwa. Mfano mashuhuri ni jengo la Brick Lane, mashariki ya London. Lilijengwa 1743 na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, likawa la Wamethodisti, mwaka 1898 likawa sinagogi ya Wayahudi waliokimbia Urusi, na mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabengali. Hakuna aliyemfukuza mwenzake. Kila jamii ilipopata nafasi ilihama ikawapisha waliokuja nyuma yake. Misikiti mingi ya kawaida, hata hivyo, ilianza sebuleni mwa nyumba ya mtu, viatu vimejaa ngazini.

8. Ramadhani ya kiangazi mnafunga vipi?

Kwa subira. London mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama saa tatu na dakika ishirini usiku. Anayefunga hukaa saa 18 au zaidi bila chakula wala maji, na Scotland ni zaidi ya hapo. Ramadhani za 2015 na 2016 ziliangukia hapo. Sasa mfungo umerudi kwenye baridi, na Desemba jua limeshazama kabla ya saa kumi jioni: mtoto hutoka shule akakuta futari mezani. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na Desemba.

Ugumu ambao watu wa pwani hawaujui ni wa isha na alfajiri. Kwetu giza huingia upesi, mwaka mzima ni vilevile. London, tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai, weupe wa anga hautoweki kabisa usiku, kwa hiyo alama ya kawaida ya alfajiri haionekani. Wanazuoni wana njia kadhaa za kukadiria, na ndiyo maana misikiti miwili ya mtaa mmoja huweza kupishana kwa saa nzima. Chagua msikiti mmoja ufuate ratiba yake. Kurukaruka kila siku kutafuta wakati mwepesi ni kujichosha.

9. Mbona mnasali Idd siku mbili tofauti?

Kwa sababu ile ile inayogawanya Mombasa na Tanga: mwezi. Mawingu ya Uingereza hufanya uandamo kuonekana kwa nadra, basi wako wanaofuata tangazo la Saudia, wako wanaofuata Morocco kwa kuwa ndiyo nchi ya Kiislamu iliyo karibu, na wako wanaotegemea kuonekana Uingereza kwenyewe. Nyumba moja huweza kuwa na Idd mbili. Idd si sikukuu ya taifa, kwa hiyo mfanyakazi huomba likizo mapema bila kuijua tarehe hasa. Shule nyingi huwaruhusu watoto kukosa siku moja.

10. Nyama halali inapatikana?

Kwa urahisi mijini. Sheria ya Uingereza huruhusu kuchinja kidini. Mjadala uko kwa Waislamu wenyewe: je, mnyama akipigwa umeme wa kumlevya kabla ya kisu, nyama ni halali? Wako wanaokubali iwapo mnyama angezinduka kama asingechinjwa. Wako wanaokataa kabisa. Mashirika mawili yanayotoa vyeti, HFA na HMC, yanatofautiana hapo: la kwanza hukubali umeme wa aina hiyo, la pili halikubali. Nyama nyingi inayouzwa kama halali Uingereza imetokana na wanyama waliolevywa. Ikiwa jambo hili lina uzito kwako, tazama cheti ukutani kwa mwuza nyama, usitosheke na neno "halali" dirishani.

## Ndoa, familia na sheria

11. Nikahi ya msikitini inatosha?

Mbele ya Mungu, ndiyo. Mbele ya sheria ya England na Wales, mara nyingi hapana, na hili ndilo swali ambalo tungependa kila binti na kila mzazi alisome mara mbili.

Kwetu tumezoea kwamba sheikh akifungisha ndoa na kuandika cheti, ndoa hiyo serikali inaitambua. Tanzania sheria ya ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na Kenya kuna mahakama za kadhi ndani ya katiba. England haiko hivyo. Nikahi ya sebuleni, ukumbini, au hata msikitini bila taratibu za serikali haihesabiki kuwa ndoa. Februari 2020 mahakama ya rufaa ilishikilia kwamba sherehe ya namna hiyo si hata ndoa batili. Kisheria ni kama haikufanyika.

Maana yake huonekana siku ya dhiki. Mwanamke aliyekaa na mumewe miaka 20 akaachwa, hana njia ya kuomba mahakamani mgao wa mali kama mke. Mume akifa bila wasia, mjane hana fungu la moja kwa moja katika mirathi. Watu hujipa moyo kwamba ukikaa na mtu muda mrefu sheria hukuhesabu mkewe. England hakuna kitu hicho.

Dawa yake si ngumu. Nendeni wote wawili ofisi ya usajili ya halmashauri mtoe taarifa. Baada ya siku 28 mnaweza kufunga ndoa ya serikali, kabla au baada ya nikahi. Misikiti kadhaa imesajiliwa kufungisha ndoa, na hapo mambo yote mawili hufanyika siku moja. Ulizeni kabla ya kuchapisha kadi. Mchumba anayesema "karatasi si muhimu" aulizwe, kama si muhimu, kwa nini anaikwepa?

Tangu Februari 2023 umri wa chini wa kuoa au kuolewa England na Wales ni miaka 18, na katazo hilo linagusa hata nikahi isiyosajiliwa.

12. Sisi tulioana Zanzibar au Mombasa. Ndoa yetu je?

Ikiwa ilifungwa sawasawa kwa sheria ya huko, na kila mmoja wenu aliruhusiwa kuoa, kwa kawaida Uingereza inaitambua. Tunzeni cheti halisi na nakala. Hivyo nikahi ya Kisiwandui, Unguja, ina nguvu ya kisheria London kuliko nikahi iliyofungwa London kwenyewe, jambo linalowashangaza wengi.

13. Talaka, na yale mabaraza ya sharia?

Kwa walio na ndoa inayotambuliwa, talaka ya mdomo iliyotamkwa ndani ya Uingereza haivunji ndoa kisheria; lazima mahakama. Tangu Aprili 2022 England na Wales hakuna tena haja ya kuthibitisha kosa la mwenzako.

Mabaraza ya sharia, ambayo la mwanzo lilianza Leyton, London, mwaka 1982, si mahakama. Hayana uwezo wa kumlazimisha mtu, kugawa mali wala kuamua watoto wakae na nani. Wanaokwenda huko zaidi ni wanawake, wanaotaka talaka ya kidini mume akiwa amekataa kuitoa. Yako mabaraza yanayowasikiliza kwa heshima, na wako wanawake waliotoka wakilia. Ukienda, nenda na mtu wako, na mambo ya nyumba na watoto yapeleke mahakamani kwa wakili.

14. Mke wa pili?

Kufunga ndoa ya pili ya serikali wakati ya kwanza ipo ni jinai. Nikahi ya pili isiyosajiliwa hutokea, na mke huyo yuko katika hali iliyoelezwa swali la 11, bila kinga yoyote. Mume hawezi pia kumleta mke wa pili Uingereza kwa viza ya ndoa iwapo wa kwanza ameshapewa haki hiyo na ndoa yao ipo bado.

15. Wasia wa Kiislamu unakubalika?

Ndiyo. England na Wales mtu ana uhuru mkubwa wa kugawa mali yake, kwa hiyo unaweza kuandika mirathi igawanywe kwa mafungu ya Kiislamu. Wasia uwe wa maandishi, uutie saini mbele ya mashahidi wawili walio pamoja nawe, nao watie saini. Na hao wasiwe warithi wala wake au waume wa warithi, la sivyo mrithi huyo hupoteza fungu lake.

16. Hijabu imekatazwa, kama Ufaransa?

Hapana. Ufaransa ilikataza hijabu katika shule za serikali mwaka 2004 na kufunika uso hadharani mwaka 2010. Uingereza haina sheria kama hizo. Polisi wa London waliruhusu hijabu kama sehemu ya sare mwaka 2001. Shule hujipangia sare zao, na hapo ndipo mvutano hutokea. Mwaka 2006 mahakama ya juu iliiunga mkono shule moja ya Luton iliyomkataza mwanafunzi jilbabu, kwa kuwa shule ilikuwa tayari inaruhusu ushungi na vazi jingine la stara walilokubaliana na misikiti.

17. Watoto wanasoma dini wapi?

Wengi husoma shule za kawaida, kisha jioni au wikendi huenda madrasa. Shule za Kiislamu zinazolipiwa na serikali zipo tangu 1998. Ya kwanza ilikuwa Islamia ya London, iliyoanzishwa 1983 na Yusuf Islam, mwimbaji aliyesilimu. Ilibidi wahangaike miaka mingi, ingawa shule za Kianglikana, za Kikatoliki na za Kiyahudi zilikuwa zikilipiwa zamani.

Tatizo kubwa la wenzetu ni lugha zaidi ya dini. Mtoto huhifadhi Yasini lakini hawezi kuzungumza na bibi yake kwenye simu. Semeni Kiswahili nyumbani. Shule itamfundisha Kiingereza bila msaada wenu.

18. Nyumba bila riba?

Mwaka 2003 serikali iliondoa kodi ya ununuzi iliyokuwa ikitozwa mara mbili kwa anayenunua nyumba kwa njia ya Kiislamu, ambapo benki hununua kwanza kisha ikakuuzia au kukupangisha kidogo kidogo. Benki ya kwanza ya Kiislamu ilifunguliwa 2004, na 2014 serikali yenyewe ilitoa sukuk (hati fungani isiyo na riba) ya pauni milioni 200, ya kwanza kutolewa na dola ya nje ya ulimwengu wa Kiislamu. Gharama huwa juu kuliko mkopo wa kawaida, na wako wanazuoni wasioridhika na mikataba hiyo. Soma kabla ya kusaini.

## Chuki, siasa na usalama

19. Waislamu wanabaguliwa?

Ndiyo, na pia wanalindwa; yote mawili ni kweli. Kwa muda mrefu sheria ya ubaguzi wa rangi iliwakinga Masingasinga na Wayahudi kwa kuwa walihesabiwa makabila, huku Mwislamu akinyimwa kazi kwa dini yake bila kinga. Hilo lilirekebishwa kuanzia 2003, na Sheria ya Usawa ya 2010 ikakamilisha.

Sheria haikuwazuia wenye chuki. Mei 1978 Altab Ali, fundi wa nguo kijana, aliuawa mashariki ya London, na maelfu ya Wabengali wakaandamana nyuma ya jeneza lake. Bustani iliyo karibu na alipouawa sasa ina jina lake. Juni 2017 mtu aliwagonga kwa gari waumini waliotoka tarawehe Finsbury Park. Imamu Mohammed Mahmoud aliwazuia watu wenye hasira wasimdhuru mhalifu hadi polisi walipofika. Mwishoni mwa Julai 2024, baada ya watoto watatu kuuawa Southport, uvumi wa uongo kwamba muuaji ni Mwislamu ulileta umati ulioushambulia msikiti wa mji huo kwa mawe. Kesho yake majirani walikuja na sepetu, na mafundi wakaujenga upya ukuta.

Kuna na ubaguzi usiopiga kelele. Sensa ya 2021 ilionyesha Waislamu wanaishi katika nyumba zilizosongamana karibu mara nne ya wananchi kwa jumla, na ni chini ya nusu ya watu wao wa umri wa kufanya kazi walioajiriwa.

20. Prevent ni nini?

Ni mpango wa serikali wa kuwazuia watu wasivutwe na ugaidi. Ulipata uzito baada ya mabomu ya London ya Julai 7, 2005, yaliyoua watu 52, miongoni mwao Waislamu. Tangu 2015 walimu, madaktari na wahudumu wa halmashauri wana wajibu wa kisheria kutoa taarifa wakiona dalili za mtu kupotoka. Mpango huhusu pia wazalendo wa kibaguzi, lakini familia nyingi za Kiislamu huona kwamba jicho liko kwao. Shule ikiwaita, nendeni wote wawili, ulizeni ni jambo gani hasa limesemwa, na ombeni maandishi.

21. Wana sauti katika siasa?

Mbunge wa kwanza Mwislamu, Mohammad Sarwar wa Glasgow, alichaguliwa 1997. Sayeeda Warsi aliingia baraza la mawaziri 2010. Sadiq Khan, mtoto wa dereva wa basi, ni meya wa London tangu 2016. Humza Yousaf aliongoza serikali ya Scotland 2023 hadi 2024, na mama yake alizaliwa Kenya. Wamo katika vyama vinavyopingana, na hawapigi kura kwa mkumbo.

## Mauti

22. Wafu wanazikwa wapi?

Makaburi mengi ya halmashauri yana sehemu ya Waislamu, na yako ya Waislamu peke yao, kama Gardens of Peace mashariki ya London. Mashuhuri zaidi ni Brookwood, karibu na Woking, alikozikwa Abdullah Quilliam (swali la 3), na pia Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, wafasiri wawili wa Qurani kwa Kiingereza. Askari Waislamu wa India waliokufa kwa majeraha ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na makaburi yao karibu na msikiti wa Woking tangu 1917.

Zamani kila maiti alitaka kurudishwa kwao. Siku hizi wengi huomba wazikwe karibu na watoto wao, wapate wa kuwazuru.

23. Maziko yanaweza kufanyika siku hiyo hiyo?

Mara chache. Tangu Septemba 2024 England na Wales kila kifo kisichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo hupitiwa na daktari wa pili kabla ya kusajiliwa. Kifo cha ghafla au kisichoeleweka hupelekwa kwa mchunguzi, naye anaweza kutaka mwili upasuliwe. Waweza kuomba uchunguzi wa picha za skani badala yake. Pengine hukubaliwa, na pengine familia hulipia.

Mwambie daktari na msajili mapema kwamba dini inataka haraka. Halmashauri kadhaa zina msajili wa zamu wikendi kwa ajili hiyo. Mwaka 2018 mchunguzi wa vifo mmoja wa London alikuwa amekataa kumtanguliza maiti yeyote kwa sababu ya dini. Jumuiya ya mazishi ya Kiyahudi ilimshitaki, mahakama kuu ikasema msimamo wake haukuwa halali, na Waislamu wakanufaika na hukumu hiyo.

Kumsafirisha maiti Dar es Salaam au Mombasa huhitaji cheti cha kifo, ruhusa ya mchunguzi ya kuutoa mwili nchini, na kwa kawaida mwili kutiwa dawa. Mchunguzi anatakiwa apewe taarifa siku nne kabla, ingawa anaweza kuruhusu mapema zaidi. Jiungeni na chama cha maziko cha msikiti wenu mkiwa hai na wazima. Vingi huchanga kidogo kila mwaka, na ndivyo vinavyojua ni simu gani ipigwe usiku wa manane.